Maoni ya Mjane Mmoja

Omukihanga, Bugomora
3 Machi 2025

Kwa Joanitha, mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mwili wangu mzima, moyo ndio haupo sawa. Ningekupigia simu, lakini unajua mwenyewe kwamba nikiiweka sikioni nasikia mvua tu. Avelina muuguzi anakuja huko Nyakahanga, nimempa barua hii aikabidhi mkononi mwako, asimwachie mwenye nyumba wako.

Sasa sikiliza. Juzi Jumamosi tuliitwa mkutano mkuu wa kijiji pale shuleni. Dastan, mtendaji wetu, akasimama na karatasi za huo Mradi wa Mabonde unaoufanyia kazi. Akasema rasimu ya sheria ndogo imeshaandaliwa: ng'ombe wasishuke tena bondeni, si kunywa, si kula majani, mwaka mzima, na atakayekamatwa atashtakiwa. Watu wakaguna. Nuwamanya akauliza nani aliyetaka hivyo, maana yeye mwenye ng'ombe hakuulizwa. Dastan akajibu kwamba wananchi thelathini wa kijiji hiki waliulizwa na maoni yao ameletewa, akaanza kuyasoma. Majina hayakuwemo. Ya tano yakasema hivi: "Mjane, mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima. Ng'ombe wametumaliza. Wafungiwe bonde kabisa, wakafie huko huko juu."

Joanitha, wajane hapa tuko wengi. Waliofundisha watu wazima kusoma tuko wangapi? Mkutano mzima ulinigeukia. Waliniangalia watu niliowashika mkono mimi mwenyewe wakajifunza kuandika majina yao.

Nilisimama nikasema sijaulizwa na mtu, sijajaza karatasi yoyote, na neno hilo halijatoka kinywani mwangu. Nikaapa kwa marehemu mume wangu, ambaye kaburi lake liko kwenye kibanja changu, katikati ya migomba, na wote wanalijua. Nikakaa.

Jana Edvina, mke wa Nuwamanya, hakuleta maziwa. Leo pia hakuleta. Miaka kumi na tisa ananiletea kidumu kila asubuhi, nami nampelekea ndizi, na hatujawahi kuulizana nani kazidisha. Kanisani nimekaa benchi zima peke yangu kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Nakwambia ukweli, niliimba kwa sauti ya juu ili wasijue kwamba nimeumia.

Wewe uko ndani ya mradi huo. Nitafutie aliyeandika uongo huu akaupachika mgongoni mwangu. Nikimpata nitamtaja mbele ya watu, mchana kweupe.

Ni mimi shangazi yako,
Anatolia


Nyakahanga
9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa Avelina. Nimesikitika sana, na pole kwa yote.

Naomba usilichukulie jambo hili kwa uzito mkubwa. Kwenye kazi hizi za kukusanya maoni makosa hutokea. Fomu hupita mikono mingi, zinaingizwa kwenye kompyuta, watu wa ofisini wanafanya muhtasari. Huenda maoni yale ni ya kijiji kingine kabisa yakachanganywa na yenu.

Kuhusu safari yangu ya Januari, uliona mwenyewe. Nilikuta kijiji kina msiba wa mzee Asiimwe, baba yake Nuwamanya, na mimi nikaugua. Sikuweza kumhoji mtu. Fomu tupu nilimwachia Dastan ili msiba ukiisha awafikie watu. Sasa alizijaza vipi, mimi siwezi kujua. Wapo watendaji ambao hujijazia wenyewe ili kazi iishe. Simsemi yeye.

Nitafuatilia. Nimekutumia sukari, sabuni na ile dawa ya kuchua miguu. Usisimame muda mrefu shambani.

Mwanao,
Joanitha


Omukihanga
17 Machi 2025

Joanitha mwanangu,

Umeniponya. Nilipomaliza tu kusoma nilijifunga kitenge changu kizuri nikaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Nikamwambia Dastan usoni kwake kwamba yeye ndiye aliyejaza zile fomu, na kwamba mtu aliyepewa fomu zikiwa tupu anajulikana. Akanitazama. Akasema fomu hazikupitia kwake, yeye alikuja kuletewa muhtasari uliochapishwa. Nikamwambia uongo mwingine akamwambie mama yake.

Habari hazikuchukua hata siku moja. Watu arobaini na mmoja wametia sahihi barua ya malalamiko, nami nimeiandika kwa mkono wangu, ikapelekwa kata. Mtendaji wa kata amemwambia Dastan akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Mkewe Nikuze amejifungua wiki mbili zilizopita, na nyumba wanayokaa ni ya kijiji. Nimemhurumia kidogo. Kidogo tu.

Na sasa neno tamu. Nuwamanya amekuja mwenyewe kwangu na pombe ya ndizi, rubisi, kwenye kibuyu, akasema nimsamehe kwa kunidhania vibaya. Mtu mzima yule, mwenye ng'ombe zaidi ya mia, alikaa kwenye kigoda changu kidogo akaniomba radhi. Tulikunywa. Asubuhi yake Edvina alikuja na kidumu, akakiweka mlangoni, tukakumbatiana, tukalia kama wasichana.

Nimemwambia kila mtu kwamba ni wewe uliyenifumbua macho. Wanakusifu sana. Nuwamanya anasema kumbe si hasara kumsomesha mtoto.

Shangazi yako,
Anatolia


Nyakahanga
24 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi umepatana na majirani.

Nina ombi moja. Tafadhali msimwandame Dastan. Nilisema "huenda", Shangazi, sikusema ni yeye. Kijana ana mtoto mchanga. Kama barua ile inaweza kurudishwa kutoka kata, irudishwe. Mwambie mtendaji wa kata kwamba mlikuwa na hasira, basi, yaishe. Rasimu nayo bado ni rasimu, inaweza kubadilishwa hata bila kumtafuta mchawi.

Usiniulize sana. Kazi ni nyingi na silali vizuri. Na usiwaambie watu wanisifu.

Joanitha


Omukihanga
31 Machi 2025

Joanitha,

Leo sikuandikii salamu.

Alhamisi Dastan alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikashika fimbo. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akaomba kiti. Alikuwa amepanda bodaboda hadi ofisi ya huo mradi, akaomba nakala ya fomu thelathini za kijiji chetu, wakampa. Akaziweka mapajani mwangu. Akasema, "Mwalimu, mimi sina maneno. Tazama tarehe."

Zote thelathini zimeandikwa tarehe ishirini na mbili Januari.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika mzee Asiimwe. Unajua desturi yetu. Maiti ikiwa haijafunikwa hakuna anayeshika jembe, hakuna anayekwenda gulioni, hakuna anayezungumza habari ya mali. Dastan mwenyewe alikuwa kaburini na koleo, nilimwona kwa macho yangu. Watoto walikuwepo. Viwete walibebwa. Kijiji chote hiki mtu aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja, kwenye chumba changu cha uani, akisema ana homa. Nilikuachia uji kwenye chupa. Niliporudi uji ulikuwa haujaguswa, na vidole vyako vina wino. Nikadhani unamwandikia mchumba.

Kisha nikaisoma tena ile ya tano, taratibu, nikasikia sauti yangu. Ni kweli nilisema. Ilikuwa Desemba, ulipokuja kunitembelea, ng'ombe wa Nuwamanya waliporuka mtaro wakalala kwenye maharage yangu. Niliingia jikoni nimejaa matope nikasema wametumaliza, wafungiwe bonde, wakafie huko juu. Ulicheka sana. Kesho yake Nuwamanya akaniletea debe la maharage na samadi ya mwaka mzima, na hasira ikaisha. Hiyo hukuiandika.

Maneno ni yangu, Joanitha. Lakini nilikuambia wewe, jikoni, nikiwa na hasira na mtu niliyekusudia kumsamehe. Sikuiambia serikali.

Na mimi nimeapa. Nimeapa kwa jina la mume wangu kwamba sikusema. Nimemfukuzisha kazi mtu asiye na kosa, kwa mwandiko wangu, niliokuwa najivunia. Naona aibu hata kwenda kisimani.

Tarehe kumi na mbili Aprili mtendaji wa kata anakuja kusikiliza shauri la Dastan, hapo shuleni, saa nne. Uje.

Anatolia


Nyakahanga
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara sita.

Ni mimi. Zote thelathini ni mimi.

Bosi wangu Elpidius alitaka fomu zote zifike Ijumaa. Nilimwambia kwa simu kwamba nimekuta msiba. Akasema kila kijiji kina msiba, na kijiji kisicholeta maoni kitarukwa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo huo, na hakuna aliyejua nani ataongezewa. Ningeweza kungoja siku nne matanga yaishe. Ningeweza kuandika kwamba sikumhoji mtu. Nililijua hilo, kalamu ikiwa mkononi.

Lakini nikuambie lililo baya zaidi. Sikujiona mwongo. Nilijiona ninawajua. Nimekulia hapo tangu nina miaka saba, nikajiambia najua kila mmoja angesema nini. Nikamwaza mzee huyu nikamwandikia, nikamwaza mama yule nikamwandikia. Nilifurahia hata, Shangazi. Niliona nawasemea vizuri kuliko ambavyo wangesema wenyewe mbele ya mgeni. Ya Edvina nayo niliiandika. Niliandika kwamba yuko tayari ng'ombe wapunguzwe ili maji yawe safi. Nilikuwa nasikia mkilia kule kaburini, naye alikuwa analia kwa sauti kuliko wote, na mimi namwandikia kwamba ameridhika.

Ofisini walinipongeza. Walisema maoni ya Omukihanga yana uhai. Ndiyo maana ya kwako waliinukuu neno kwa neno.

Kisha ukaniomba nikutafutie mwongo, nami nikakupa Dastan. Sikukutajia jina lake kwa bahati mbaya.

Nitakuja tarehe kumi na mbili. Nitasimama niseme mwenyewe. Niwekee nafasi karibu na wewe.

Joanitha


Omukihanga
14 Aprili 2025

Joanitha,

Nafasi niliyokuwekea kwenye benchi ilikaa tupu. Sikuulizi ulikuwa wapi.

Mtendaji wa kata alifungua mkutano saa tano. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejifundisha maneno usiku kucha, yakapotea yote. Nikasema tu kwamba Dastan hana kosa, kwamba fomu ziliandikwa siku tuliyokuwa makaburini sote, na kwamba yale maoni ya mjane yalitoka kinywani mwangu kweli, niliyasema nyumbani kwangu, na kiapo changu cha Machi kilikuwa cha uongo ingawa sikujua. Nilimwomba msamaha Dastan. Nilimwomba Nuwamanya. Nilimwomba mume wangu, ndiyo, kwa sauti, acha wacheke.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu.

Dastan amerudishwa ofisini. Alikuja akanipa mkono kwa mikono miwili, akainama. Sijawahi kupigwa nikaumia hivyo.

Waliniuliza na mengine. Nilijibu nilivyoweza.

Baadaye mtendaji wa kata akasema, basi kwa kuwa tumekaa, watu waulizwe leo. Akafungua daftari. Akauliza mmoja mmoja, wanawake nao, hata wale wa kule mwisho wanaozungumza Kinyambo tu walitafutiwa wa kuwatafsiria. Na unajua Nuwamanya alisema nini? Alisema tangu mwaka juzi anataka chemchemi ya juu izungushiwe uzio, kwa sababu ndama wake wawili walizama kwenye tope pale. Alisema ng'ombe washukie kivuko cha chini peke yake, na yeye atatoa miti ya uzio. Wenye mashamba wakasema tunakubali, tena tutachimba mtaro. Nusu saa, Joanitha. Shauri la bonde lililotaka kutugombanisha lilimalizwa kwa nusu saa, na aliyetoa zaidi ni yule uliyeandika afungiwe bonde.

Ungemuuliza tu.

Maziwa hayajaja tangu Jumapili. Simlaumu Edvina. Nakunywa chai ya rangi, na nimezoea.

Sijui nikuandikie nini tena. Mimi pia sijatubu. Padri alikaa kitubio Jumapili, nikafika hadi mlangoni nikarudi, kwa kuwa ipo dhambi ambayo bado naishikilia na sina nia ya kuiacha. Ukija, njoo. Usipokuja, kula vizuri.

Anatolia


Nyakahanga
16 Aprili 2025

Kwa Baba Nuwamanya na Mama Edvina,
Omukihanga, Bugomora

Shikamooni.

Nakala ya barua hii nimempa mtendaji wa kijiji, Ndugu Dastan, aisome mbele ya mkutano. Nyingine nimeiweka mezani kwa Elpidius, mkubwa wangu wa kazi, leo asubuhi, pamoja na funguo za ofisi. Sikungoja aisome.

Fomu thelathini za tarehe 22 Januari niliziandika mimi, peke yangu, mkiwa mnamzika Mzee Asiimwe. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Mama Edvina, ipo moja inayosema umekubali ng'ombe wapunguzwe. Hukukubali, na hukuulizwa. Mimi ndiye niliyemsingizia Dastan baada ya hapo, kwa barua niliyomwandikia shangazi yangu, naye aliniamini kwa sababu amenilea. Nimekuja kuwaambia haya kwa karatasi kwa kuwa nilipopata nafasi ya kuyasema kwa mdomo nilishindwa.

Jumamosi nilikuwepo. Bodaboda aliniacha barabarani, nikapanda hadi shuleni, nikaishia nyuma ya darasa la nne, dirishani. Nilisikia yote. Nilimwona Shangazi akisimama. Nilijiambia akimaliza sentensi hii naingia, akimaliza hii naingia.

Ndipo wewe, Baba, ukasimama ukamuuliza, "Mwalimu, basi aliyeziandika ni nani?" Ulimuuliza kwa upole.

Alikuwa ameshaniona. Aliinua macho juu ya vichwa vyenu akaniangalia pale dirishani, na mimi nikamwangalia, na ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema. Nilitikisa kichwa, kwamba asinitaje.

Akakugeukia akasema, "Simjui."

Ananijua, Baba.

Joanitha